Kabla Hujanunua Kompyuta ya Pikapu

(Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya madereva, mafundi na wenye pikapu mjini Garissa.)



Mimi si fundi wa magari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza hadi nielewe, kisha niwaeleze wananchi. Kwa habari ya leo nimewauliza mafundi wengi, na wengine mko hapa. Nikikosea jina la spea, nirekebisheni.

Pikapu kwetu si anasa. Ndiyo inayoleta maziwa ya ngamia mjini alfajiri, mbuzi sokoni, na mgonjwa kutoka Hulugho au Balambala wakati hakuna gari lingine karibu. Kwa hiyo mwenye gari akiambiwa "kompyuta imekufa, tafuta nyingine Nairobi", mara nyingi huuza mifugo kabla hajauliza swali la kwanza.

Swali la kwanza ni hili: je, gari lako lina kompyuta ya injini? Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ haina. Pampu yake ya dizeli hufanya kazi kwa vyuma na springi, wala haingoji amri ya kompyuta. Hilux za zamani zenye injini ya 3L ni vivyo hivyo, na Peugeot 504 za wazee wetu pia. Ukiwa na gari kama hilo na mtu akataka pesa za kompyuta ya injini, mwombe akuonyeshe kwanza ilipofungwa. Mtakaa hapo hadi Magharibi.

Magari yenye kompyuta ni kama Hilux Vigo ya D-4D, iliyotoka mwaka 2004, ambayo sasa tunaiita gari la zamani ingawa bado imejaa barabarani kutoka Modogashe hadi Masalani. Humo kompyuta ndiyo inayoamua kila sindano inyunyize dizeli kiasi gani na wakati gani. Ikinyamaza, injini hailiki.

Lakini kompyuta hizi hazifi ovyo. Mara nyingi huuawa, na wauaji wake tunawajua.

Wa kwanza ni lori. Betri imeisha njiani kuelekea Dadaab, lori linapita, dereva ni mtu mwema, anatoa waya za jampa. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, na pikapu yako ni ya volti 12. Umeme huo wa mara mbili ukipita ndani, kompyuta inaweza kuungua papo hapo. Ukiwa huna njia isipokuwa lori, funga waya kwenye betri moja tu kati ya zile mbili za lori, na uhakikishe kwa kipimo kwamba ni volti 12. Kugeuza chanya na hasi nako kuna hatari ileile.

Wa pili ni kuchomelea. Karibu kila pikapu hapa imechomelewa keria au vyuma vya kuzuia mbuzi wasiruke. Umeme wa mashine ya kuchomelea hupita katika bodi ya gari kutafuta njia ya kurudi, na njia moja ni waya wa athi wa kompyuta. Kabla ya cheche ya kwanza, betri ifunguliwe, na klampu ya mashine ifungwe karibu kabisa na pale panapochomelewa. Fundi akisema ni kupoteza muda, tafuta mwingine.

Wa tatu ni maji. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo, na wapo waliojaribu kuyavuka. Maji yakiingia ndani ya gari, kutu ya kijani huanza taratibu kwenye pini za plagi. Gari linaweza kutembea miezi kadhaa kabla halijagoma, na mwenyewe hakumbuki tena yale maji.

Sasa tuseme injini imekataa kuwaka. Pima betri: ikiwa imetulia na imejaa, iwe karibu volti 12.6. Angalia fyuzi za injini na rilei yake. Kaza athi, kwa sababu barabara zetu za makorongo hulegeza kila nati. Kisha washa swichi bila kupiga staata, utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Isipowaka kabisa, huenda kompyuta haipati umeme, na hilo ni tatizo la waya. Jambo jingine ambalo mafundi wazuri hulijua: sensa moja iliyopiga shoti inaweza kuizima kompyuta nzima ionekane maiti. Chomoa sensa moja baada ya nyingine ukiangalia kama taa inarudi. Mashine ya kusoma hitilafu, inayochomekwa chini ya dashibodi, nayo itumike kabla ya kuagiza spea.

Ikithibitika kwamba kompyuta imekufa, kuifikia si kazi ngumu. Kwenye Hilux hizi za usukani wa kulia, iko nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi cha upande wa abiria tunachowekea karatasi za bima. Zima swichi, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri kwanza, kisha subiri. Toyota hushauri angalau sekunde 90, kwa sababu mfuko wa hewa wa abiria uko jirani. Plagi za manjano ni za mfuko huo, usiziguse. Ondoa kisanduku, utaona boksi la chuma lenye plagi kubwa. Shika chuma cha bodi kwanza ili umeme wa mwilini utoke, kisha fungua vishikio vya plagi. Usivute nyaya.

Piga picha ya namba iliyobandikwa hapo. Kwa kompyuta za injini za Toyota namba hiyo huanza na 89661. Utakayonunua iwe na namba ileile yote, hadi tarakimu ya mwisho, kwa maana maboksi mawili yanaweza kufanana umbo na plagi na bado yasiendeshe injini moja.

Hapo ndipo pesa hupotea. Kompyuta ya mkononi inayouzwa bila risiti huenda imeng'olewa kwenye gari la mtu usiku. Sheria ya Kanuni za Adhabu inaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Dai risiti yenye namba ya kompyuta, na mkubaliane kwa maandishi kuhusu kuirudisha ikikataa.

Uliza pia kuhusu ufunguo kabla ya kulipa. Gari lenye kinga ya wizi halitawaka kwa kompyuta ngeni hadi funguo zitambulishwe upya, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye mashine. Baadhi ya injini za D-4D zina msimbo kwenye kila sindano, na lazima uingizwe katika kompyuta mpya, la sivyo injini hutoa moshi na kugonga. Gharama hizo ziwe kwenye bei tangu mwanzo.

Na ile kompyuta kuukuu usimwachie fundi, wala usiitupe. Wapo mafundi wa elektroniki wanaoweza kubadilisha kipande kimoja kilichoungua ndani yake, na ikifufuka, inazijua funguo zako tayari.