Nyumba Isijengwe kwa Machozi: Haki kati ya Mwenye Nyumba na Fundi

Mada kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Misungwi



Tunapowauliza viongozi wa jumuiya ni magomvi gani huwafikia, hutajwa kwanza mashamba, mirathi na ndoa. Hayo tumekwisha kuyazungumza mara nyingi. Leo twataka kuzungumzia ugomvi mwingine, ambao wengi huuona mdogo mno kuletwa mbele ya Tume ya Haki na Amani: ugomvi kati ya mwenye nyumba na fundi aliyemwita kuijenga au kuikarabati.

Sisi hatuuoni mdogo. Mtu wa kwetu hutumia akiba ya miaka mingi katika nyumba yake, na fundi naye hana shamba jingine ila mikono yake. Wawili hao wakikosana, aliyepoteza hupoteza kingi, na aghalabu wote wawili husali katika kigango kimoja.

1. Hali ilivyo kwetu

Twajua jinsi mambo yanavyokwenda. Fedha za mpunga na pamba zikiingia, karibu kila kaya hutaka kuziba nyufa, kubadili bati au kupaua boma lililosimama wazi tangu mwaka juzi. Wote wanataka kumaliza kabla ya mvua za vuli. Katika miezi hiyo michache fundi mmoja huitwa na watu watano, naye kwa hofu ya kukosa riziki huwaitikia wote. Hupokea malipo ya awali kwa huyu, akanunua chakula cha nyumbani kwake, kisha akaenda kuanza kazi kwa yule. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa, hata pasipo na mwizi.

Wenye nyumba hulalamika kwamba fundi alichukua fedha akatoweka. Kwamba mifuko ya saruji ilipungua bila maelezo. Kwamba makadirio yalipanda kazi ikiwa katikati, wakati hakuna tena njia ya kurudi nyuma. Wengine hulalamika kwamba walilipia bati la geji 28 wakaezekewa geji 30, ambalo ni jembamba zaidi, kwa kuwa hawakujua kwamba namba ikiwa kubwa bati huwa jepesi.

Mafundi nao wana kilio chao. Huambiwa "njoo kesho" mpaka viatu vinakwisha. Huongezewa kazi ambazo hazikuwamo katika mapatano: choo, jiko, ngazi za mlangoni, na wanapodai nyongeza huitwa wenye tamaa. Hukaa bure siku tatu wakingoja mchanga na kokoto, huku saidia fundi wao wanataka posho. Na wengi hulazimishwa na mwenye nyumba kuunyosha mfuko mmoja wa saruji ufyatue matofali mengi kupita kiasi, kisha matofali yakimomonyoka, lawama ni yao.

2. Shauri moja lililotufundisha

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa shauri ambalo hatutalisahau. Hatutawataja wahusika, ila kosa letu wenyewe tutalitaja.

Mama mmoja mjane alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu ukingoni mwa mbuga. Ukuta wa upande wa machweo ulipasuka. Akamwita fundi wa jumuiya ya jirani, wakapatana shilingi 240,000, akamlipa kwanza 150,000. Fundi akaziba ufa, akapiga plasta, ukuta ukapendeza. Mvua zilipokuja ufa ulirudi, mpana kuliko mwanzo. Mama akakataa kumlipa fedha zilizobaki, akaja kwetu analia.

Sisi tulimwona mjane, tukaona machozi, tukaona na ufa. Tukamwita fundi mbele ya jumuiya. Alisema kwamba alikuwa amemweleza mama kuwa tatizo lipo chini, si juu. Hatukumsikiliza. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Tukaamua arudishe zile 150,000, naye akauza mbuzi wake akazirudisha. Tangu siku ile hakuonekana tena katika sala za jumuiya.

Kiangazi kilichofuata, fundi mwingine alichimba pembeni mwa ukuta ule. Akakuta msingi mfupi mno, umekaa juu ya udongo mweusi, na maji ya paa lote yakidondokea hapo hapo. Wazee wetu wa Kisukuma waliujua udongo kwa majina yake: luseni, ule wa kichanga ulioko juu karibu na mawe, itogolo, ulio mgumu chini yake, na mbuga, ule mweusi wa bondeni. Udongo wa mbuga hunywa maji ukavimba, kisha jua likiwaka husinyaa na kupasuka. Nyumba iliyowekwa juu yake bila msingi wa kutosha na bila mfereji wa kuondoa maji huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Plasta haiwezi kuizuia.

Tulimwuliza mama: "Je, yule fundi wa kwanza alikueleza haya?" Akajibu, "Alinieleza, lakini sikuwa na fedha za kuchimba." Mama hakuwa amesema uongo. Sisi ndio hatukumwuliza.

Tulikwenda nyumbani kwa fundi yule kuomba radhi, na tukachanga fedha kumrudishia 150,000 zake. Zile 90,000 alizokuwa akidai alisamehe, akisema naye alikosa, kwani alikubali kufanya kazi aliyojua haitadumu. Aliomba jambo moja tu: kwamba maneno yale yasemwe pale pale alipoaibishwa. Yakasemwa. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani.

Tumejifunza mambo matatu. Kwanza, kumhurumia maskini si sawa na kumpa haki bila kuchunguza. Pili, ufa una sababu yake, na sababu hiyo hutafutwa kwa jembe na macho, wala si kwa sauti kubwa. Tatu, neno lisiloandikwa humwangamiza aliyesema kweli.

3. Maandiko na mafundisho ya Kanisa

Torati yaagiza kwamba kibarua maskini alipwe ujira wake siku ile ile kabla jua halijatua (Kumbukumbu la Torati 24). Nabii Yeremia, katika sura ya 22, alimkemea mfalme aliyejijengea jumba la fahari huku akimtumikisha jirani yake bila malipo. Yakobo naye, katika sura ya 5 ya waraka wake, aeleza jinsi ujira uliozuiwa unavyopiga kelele hadi masikioni mwa Mungu.

Lakini Maandiko hayamwachi fundi bila wajibu. Kumbukumbu la Torati 22 yamtaka ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Yaani kujenga vibaya ni jambo la uhai na mauti. Tunakumbuka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoporomoka na kuua watu 36. Nyumba zetu za Misungwi hazina ghorofa nyingi, lakini ukuta mmoja watosha kumwua mtoto aliyelala.

Naye mwenye nyumba aambiwa na Bwana wetu, katika Luka 14, kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Hata Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi na mwajiri wote wana wajibu: huyu kutimiza kazi aliyopatana kwa haki, na yule kulipa ujira wa haki.

4. Sheria ya nchi yasemaje

Wengi wetu hudhani kwamba pasipo karatasi hapana mkataba. Si kweli. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, huyatambua mapatano ya mdomo, mradi yamefanywa kwa hiari na watu wenye umri na akili timamu, kwa jambo halali na kwa malipo halali. Shida ya mdomo ni ushahidi.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 73, humpa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Lakini humtazama pia kama alitumia njia alizokuwa nazo kuipunguza hasara. Aliyeacha mvua inyeshee saruji yake kwa sababu "fundi ndiye mwenye makosa" asitegemee kulipwa yote. Na kifungu cha 70 chamtaka yule aliyenufaika na kazi ambayo haikufanywa bure amfidie aliyeifanya. Kwa hiyo kumfukuza fundi kazi ikiwa nusu, ukaendelea kuishi katika nusu hiyo bila kumlipa kitu, si ushindi.

Madai ya mkataba yana muda wa miaka 6. Mahakama ya Mwanzo, ambayo huendesha mashauri kwa Kiswahili, yaweza kusikiliza madai ya fedha ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Polisi si wakusanya madeni: kazi iliyochelewa au iliyoharibika ni madai. Bali mtu akipata fedha kwa udanganyifu tangu mwanzo, hilo ni kosa la jinai, na hapo polisi wahusika. Kumfungia fundi vifaa vyake, au kumtafutia vijana wa kumpiga, hakuruhusiwi na sheria yoyote.

5. Yatupasa kufanya nini

Kabla ya kazi, mwenye nyumba na fundi waikague nyumba pamoja, nje na ndani, hata chini ya ardhi ikibidi. Fundi aseme kweli: hiki kitadumu, hiki hakitadumu. Akikataliwa ushauri wake, uandikwe. Karatasi moja ya daftari yatosha: kazi yenyewe, vifaa na nani atavinunua, bei, tarehe ya kuanza na kumaliza, na saini mbili pamoja na shahidi mmoja wa kila upande. Asiyejua kusoma asomewe, kisha aweke dole gumba.

Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, halikujengwa kwa ahadi za mdomo. Ikiwa Serikali na wahandisi waliandikiana, kwa nini sisi tuone haya kuandikiana na jirani?

Wakati wa kazi, malipo yafuate hatua: msingi, kuta hadi lenta, kupaua, plasta. Malipo ya awali yawe ya kuanzia kazi tu, na sehemu ndogo ibaki hadi ukaguzi wa mwisho. Lakini ikibaki, iwe na tarehe ya kulipwa. Vifaa vihesabiwe vinapofika na vinapotumika. Zege na plasta vimwagiliwe maji kwa siku 7 walau, na waandikiane ni nani atakayemwagilia, maana wengi wamegombana kwa ndoo ambazo hakuna aliyezichota. Kazi ya nyongeza ipatanwe bei kabla haijaanza. Ujumbe wa malipo katika simu usifutwe.

Ugomvi ukitokea, tufuate njia ambayo Bwana alituonyesha katika Mathayo 18: kwanza wawili peke yao, kisha mashahidi wawili au watatu, kisha jumuiya. Jumuiya isihukumu kabla ya kwenda kuiona kazi, ikiongozana na fundi mwingine asiye na upande. Ikishindikana, wapo wenyeviti wa vitongoji na ofisi za watendaji, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mahakama iwe mwisho, lakini asizuiwe mtu kwenda huko kwa kuambiwa kwamba si Ukristo. Kudai haki si dhambi.

Kwa vijana wetu mafundi twasema: VETA hutahini na kurasimisha ujuzi hata wa aliyejifunzia mtaani. Cheti hicho ni heshima kwenu na ni amani kwa wateja wenu.

6. Hitimisho

Ndugu zetu, kila Jumapili tunaketi katika kanisa ambalo mikono ya mafundi ililijenga na michango ya waamini ililipia. Wote wawili wamo humo. Tusiruhusu ufa wa ukuta mmoja uwe ufa wa jumuiya nzima. Na pale ambapo sisi viongozi tumekosea katika kuamua, tusione aibu kurudi na kusema hivyo, mahali pale pale na mbele ya watu wale wale.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu kuna fundi ambaye bado anadai ujira wake? Ni nani kati yetu anayedaiwa?
2. Je, kuna kazi iliyolipiwa ambayo haikukamilika? Ni nini kilichosababisha?
3. Je, tumewahi kutoa uamuzi bila kusikiliza pande zote mbili? Tutaurekebishaje?
4. Ni nani katika jumuiya yetu awezaye kuwasaidia wengine kuandika mapatano yao?