Kutangulia si Kufika: Mazungumzo Kuhusu Subira Barabarani

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi katika baraza la usalama barabarani. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Kila mkazi wa Kaunti ya Kilifi anayesafiri jioni anaijua foleni ya Mtwapa. Magari yamepangana, injini zinanguruma, joto ni kali na kila mtu anataka kufika kwake. Mara dereva mmoja anachomoka kwenye mstari na kupita pembeni, penye vumbi, mahali ambapo watoto wanatembea kutoka shuleni na mama anabeba beseni la samaki kichwani. Wa pili akiona wa kwanza amepita, anamfuata. Wa tatu ni matatu iliyojaa abiria. Baada ya dakika chache barabara iliyochorwa kwa ajili ya mistari miwili ina mistari minne, yote imeelekea upande mmoja, na gari linalotoka upande wa pili halina pa kupita. Hapo ndipo foleni inapokufa kabisa. Waliochomoka wamekwama, na waliovumilia wamekwama pamoja nao.

Wengi hudhani foleni ya namna hii inaletwa na wingi wa magari peke yake. Magari ni mengi, ni kweli. Lakini foleni inayosonga polepole hugeuka kuwa foleni isiyosonga pale watu wachache wanapoziba njia ya wanaokuja. Magari ya mbele hayawezi kuondoka mpaka yale yanayokuja yapite, na yale yanayokuja hayawezi kupita mpaka waliotanua warudi nyuma. Dereva aliyetaka kuokoa dakika tano amewapotezea wenzake saa nzima. Ndani ya mojawapo ya magari hayo huenda kuna mama mjamzito anayepelekwa hospitali.

Hesabu ya haraka

Ni vyema wakazi wapige hesabu ya kile ambacho haraka inawapa. Kutoka Mtwapa hadi mji wa Kilifi ni kama kilomita 40. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa bila kusimama litatumia dakika 30. Likienda kilomita 100 kwa saa, litatumia dakika 24. Faida ni dakika sita, na hiyo ni kwenye karatasi tu. Barabarani kuna matuta, vituo vya biashara, mbuzi, trela na watu wanaovuka. Mara nyingi aliyekupita kwa kishindo pale Kikambala utamkuta Kilifi akiwa mbele yako kwa magari mawili.

Sasa itazamwe hasara. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Tangu dereva anapoona hatari mpaka gari lisimame kabisa, kwenye lami kavu na breki nzuri, ni kama mita 25. Kwa kilomita 80 kwa saa, umbali huo unapita mita 50. Spidi haikuongezeka hata maradufu, lakini mwendo wa kusimama umeongezeka mara mbili. Mtoto aliyeingia barabarani mita 30 mbele ataponea kwa dereva wa kwanza. Kwa dereva wa pili hana nafasi.

Kupita gari jingine nako kuna hesabu yake. Dereva wa kilomita 80 kwa saa akitaka kulipita lori refu linalokwenda 60, atahitaji kama sekunde 11 kutoka nyuma ya lori hadi kurudi salama mbele yake. Katika sekunde hizo atakuwa amesafiri karibu mita 240. Gari linalokuja kwa spidi hiyo hiyo litakuwa limesafiri umbali sawa na huo. Kwa hivyo anahitaji karibu nusu kilomita ya barabara tupu mbele ya macho yake. Wanaotumia barabara kuu kati ya Mazeras na Mariakani, penye milima, kona na msururu wa malori, wanajua kwamba nusu kilomita ya wazi ni jambo adimu. Mstari wa manjano usiokatika haukuchorwa kwa mapambo. Unamwambia dereva kwamba kilicho mbele hakionekani.

Nani anaumia

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, zilionyesha kuwa watu 4,748 walifariki kwenye barabara za Kenya mwaka 2024. Mwaka uliotangulia walikuwa 4,324. Kila mwaka kundi kubwa zaidi miongoni mwa waliofariki ni wale wanaotembea kwa miguu. Hawa hawana mkanda, hawana kofia ngumu, wala hawana bati la kuwakinga. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari ya kufariki kwa mtu anayegongwa na gari huongezeka zaidi ya mara nne spidi ikipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Tofauti hiyo ya kilomita 15 dereva haihisi mguuni. Anayegongwa ndiye anayeihisi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haikuyaacha mambo haya kwa hiari ya mtu. Ndani ya miji na vituo vya biashara, kikomo cha spidi ni kilomita 50 kwa saa. Magari ya uchukuzi wa abiria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa mahali popote, na ndiyo maana tangu kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu zimetakiwa kuwa na vidhibiti mwendo na mikanda.

Kuendesha gari kwenye njia ya wapita miguu ni kosa linalojitegemea. Kwa mujibu wa kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, faini yake ni shilingi 5,000. Kutumia simu ukiendesha ni shilingi 2,000. Kuzidisha spidi kwa kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, kwa kilomita 11 hadi 15 ni 3,000, na kwa kilomita 16 hadi 20 ni 10,000. Anayesababisha kifo kwa uendeshaji hatari anaweza kufungwa hadi miaka kumi.

Kwa nini madereva wana haraka

Haki inataka upande wa dereva nao usikizwe. Dereva wa matatu huamka alfajiri akiwa na hesabu ya mwenye gari kichwani. Asipoitimiza, anarudi nyumbani mikono mitupu, na kesho gari linaweza kupewa mwingine. Kwa mtu huyo kila abiria aliyechukuliwa na mwenzake ni unga uliopungua nyumbani. Mhudumu wa bodaboda analipwa kwa safari, hivyo safari fupi ya haraka ni pesa zaidi. Wenye magari, basi, wana sehemu yao katika jambo hili. Tajiri anayeweka hesabu isiyofikika bila kukimbia, ndiye anayekanyaga mafuta hata kama amekaa nyumbani.

Lakini si wote wenye haraka wana hesabu ya kutimiza. Wapo wenye magari ya kibinafsi wanaopiga honi sekunde ile ile mbele kunapofunguka, wanaomulika taa kamili usiku mpaka anayekuja asione njia, na wanaomsonga nyuma mwenzao kana kwamba wanataka kupanda buti. Hao hawana cha kusingizia ila tabia.

Na wapo wanaokasirishwa na hao, wakalipiza. Mtu akipitwa vibaya, naye anaongeza spidi asipitwe tena, au anaziba pengo ili yule mkorofi asirudi kwenye mstari. Hapa pahitaji moyo mkubwa. Gari lililokwama upande usio wake linapokabiliwa na lori, litakalogongwa halitakuwa la mkorofi peke yake. Abiria wake hawakumtuma. Anayepunguza mwendo na kumwachia nafasi arudi hajashindwa na mtu. Ameokoa roho, pengine na yake mwenyewe. Namba ya gari inaweza kuandikwa na abiria, na malalamiko yakapelekwa kituo cha polisi au kwa chama cha matatu husika.

Ajali ina kinga

Msemo unaosikika sana matangani ni kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una faraja yake kwa wafiwa, na haifai kuwanyang'anya. Lakini usitumiwe na dereva kabla ya safari, wala na abiria anayeona hatari na kunyamaza.

Ushahidi upo, tena wa hapa hapa Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani walibandika vibandiko ndani ya matatu zaidi ya elfu moja, vikiwahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha vibaya. Katika magari hayo, madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi, yakilinganishwa na magari yasiyo na vibandiko. Baadaye jaribio lilipanuliwa kwa magari mengi zaidi, chini ya kampeni ya Zusha, na madai yakapungua kwa robo hadi thuluthi. Hakukuongezwa askari hata mmoja wala kamera. Kilichoongezeka ni sauti ya abiria.

Abiria wengi hunyamaza kwa kuona haya, au kwa kuogopa matusi ya utingo. Mmoja akisema peke yake, anaambiwa ashuke anunue gari lake. Watatu wakisema pamoja, dereva anapunguza. Si lazima iwe kwa ukali. "Dereva, pole pole, tuna watoto humu," inatosha, hasa ikitoka kwa mama mzee na kuitikiwa na gari zima.

Kazi ya kaunti na kazi ya mkazi

Wakazi huuliza kwa nini serikali ya kaunti haiwakamati madereva hawa. Jibu ni kwamba polisi wa trafiki wako chini ya serikali ya kitaifa, na barabara kuu kama ile ya Mombasa kwenda Malindi husimamiwa na KeNHA. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na uchukuzi wa umma. Kwa hivyo steji iliyopangwa vizuri, taa kwenye njia ya soko, na tuta mbele ya shule iliyo kando ya barabara ya kaunti ni mambo ya kudai kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi, na katika vikao vya umma vya bajeti. Kijiji kinachofika kikaoni kikiwa kimeandika mahali watoto wanapovukia ni vigumu kupuuzwa.

Nyumbani nako kuna kazi. Pasipo na njia ya miguu, watoto wafundishwe kutembea upande wa kulia, wakiyatazama magari yanayokuja. Anayetembea usiku avae nguo nyeupe au abebe tochi. Anayepanda boda adai kofia, asikubali kuwa wa tatu. Anayewahi miadi aondoke nyumbani dakika kumi mapema, kwa sababu dakika alizozipoteza mezani hazipatikani barabarani. Ajali ikitokea, polisi hupigiwa 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199, bila malipo.

Wazee wa pwani walisema kawia ufike. Hawakuwa na lami wala matatu, lakini walijua bahari, na walijua nahodha aliyengoja upepo ndiye aliyerudi kwa watoto wake. Jioni hii magari yatajipanga tena pale Mtwapa. Atakayebaki kwenye mstari wake huenda akafika amechelewa kidogo, chakula kikiwa kimepoa. Kitapashwa moto, naye atakila pamoja na jamaa zake.

 Safari njema.