Washirazi na Pwani Yetu
(Maneno yaliyosemwa Mtopanga, Kisauni)



Habari ya Washirazi mmeisikia tangu utotoni, kwamba watu walitoka Uajemi kwa majahazi wakafika pwani hii. Wako waiaminio yote, na wako wasemao ni hadithi ya kujitukuza tu. Ubishi huu umegombanisha watu wengi.

Maneno tuyasemayo kila siku, kama bandari, serikali na pamba, asili yake ni Kiajemi. Lakini neno lasafiri hata bila mwenyewe. Mifupa haisafiri hivyo. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari za mifupa ya kale waliyoipima, mingine ya makaburi ya Mtwapa, hapo kaskazini yetu. Waliona ya kuwa tangu yapata mwaka 1000 wanaume wa Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika, na kwa wengi katika wafu hao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama.

Basi hadithi haikuwa uongo mtupu. Ila mtu akiulizwa nasaba yake humtaja babu wa Shiraz. Bibi wa hapa hapa, aliyewafundisha watoto lugha hii, hatajwi.