Jumapili ya Mtumishi wa Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa niseme juu ya kazi serikalini. Mniwie radhi, nitasema juu ya kazi ya nyumbani, maana huko ndiko nilikopatikana na hatia.

Mwaka juzi binti anayetulelea watoto aliniomba ruhusa ya Jumapili aende kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi. Mimi, mtumishi wa umma ambaye ada ya chama hukatwa katika mshahara wangu kila mwezi, nikamjibu: "Chama cha nini? Hapa si nyumbani kwako?"

Akasema, "Ndiyo, baba. Lakini wenye nyumba hutoka wakitaka."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kuifungua sheria, jambo ambalo msomi wa chuo kikuu angelifanya kabla ya kuajiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumtenga. Ana haki ya kujiunga na chama kama mimi, saa 45 za kawaida kwa juma, saa 24 za mapumziko kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Chama nacho kipo: CHODAWU huandikisha watumishi wa majumbani pamoja na wale wa mahoteli, na jirani zetu Kenya wana KUDHEIHA. Huko Geneva, tarehe 16 Juni 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 189 juu ya kazi hiyo. Kifungu cha 9 kinataka mtumishi anayelala kwa mwajiri asilazimishwe kubaki humo wakati wa mapumziko yake. Nilikisoma mara mbili. Yule binti alikuwa amekisema bila kukisoma.

Basi kizuizi kiko wapi? Kiko getini. Kuanzisha chama sheria inataka wafanyakazi wasiopungua 20. Kiwandani hao hupatikana katika zamu moja. Majumbani, watu 20 ni mageti 20, na kila geti lina mwenye ufunguo wake. Asiyetoka hajui hata mwenzake analipwa nini. (Na serikali nayo, niseme kwa sauti ndogo: Amri ya Mshahara ya 2013 ilimpa mtumishi wa mwanadiplomasia shilingi 150,000 kwa mwezi, na anayelala kwa mwajiri wa kawaida 40,000. Ufagio ni ule ule.)

Wenzao wa Afrika Kusini waliunda chama chao cha taifa mwaka 1986, ubaguzi wa rangi ukiwa bado unatawala. Mwaka 2012 mtumishi mmoja alizama katika bwawa la kuogelea la mwajiri wake. Sheria ya fidia haikumtambua. Binti yake alipokwenda mahakamani, chama cha watumishi kilisimama naye kama mdai wa pili, na Novemba 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kuwa nao wanastahili fidia wakiumia kazini. Yatima peke yake angefika wapi?

Nanyi wadogo zetu, wasichana mlioketi nao darasa la saba na hawakuendelea, mnajua waliko? Baadhi yao ndio wanaotufulia mashati haya tuliyovaa leo.

Kwangu Jumapili ni yake tangu Machi mwaka jana. Ya kwanza nilipika mimi, watoto wakaishia kula mkate. Tumeandikiana mkataba, na ada yake ya chama naikata na kuipeleka kama ninavyokatwa yangu. Nakala za mkataba huo, bila majina, nimeziacha kwa Ndugu Katibu, mezani pale penye daftari la mahudhurio.