Printa ya Waifai Nyumbani

Umenunua printa ya waifai, iwe ya nyumbani au ya kastationari kako, na simu haiioni.

Wengi hukwama hapa: ruta nyingi hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na 5, lakini printa nyingi za bei nafuu hushika 2.4 tu. Wakati wa kuunganisha, weka simu kwenye 2.4. Anayetumia hotspoti ya simu naye aingie kwenye mipangilio, achague 2.4. Ruta ikiwa na kitufe cha WPS, kibonyeze, kisha bonyeza cha printa kabla dakika mbili hazijaisha.

Usiogope bando: faili iliyomo kwenye simu husafiri ndani ya waifai yako hadi kwenye printa.

Umeme ukikatika ukarudi, printa yaweza kupewa anwani mpya na kompyuta ikaipoteza. Washa ruta kwanza. Ikishatulia, washa printa.

Na nywila iliyobandikwa chini ya ruta ibadilishe leo hii. Jirani akiijua, atachapa kwa wino wako.