Oili Chafu Hushuka Hadi Mabogini

Msikilizaji, kinachomwagwa kwenye chemba mjini Moshi hakipotei. Bomba hukishusha hadi mabwawa ya majitaka ya Mabogini, na huko kazi kubwa ya kusafisha hufanywa na jua, mwani na bakteria. Hapo ndipo hoja ilipo. Bakteria hula kinyesi na uchafu wa jikoni, lakini petroli, rangi na tindikali ya betri huwaua, na oili chafu hutanda juu ya maji na kuwanyima hewa. Risasi ya betri, kwa mfano, hailiwi na kiumbe yeyote. Hubaki kwenye tope au husafiri na maji. Nepi na mafuta yaliyoganda, hayo huziba bomba mapema, na majitaka yakafumuka barabarani. Tukumbuke pia kwamba maji yanayotoka mabwawani wakulima wa Mabogini wameyatumia kumwagilia mpunga.

Sasa tusikie upande wa pili. Mkazi wa Old Moshi mwenye choo cha shimo atasema bomba halimhusu. Linamhusu: shimo likijaa, gari la kunyonya majitaka hupeleka mzigo kwenye mabwawa, na lisiponyonywa, sumu huzama ardhini. Fundi gereji naye atauliza, na ana haki: oili nikaimwage wapi? Kumtoza faini kwa kuimwaga kwenye chemba peke yake hakumpi pipa la kuiweka. Je, gharama ya kuikusanya ibebwe na gereji, na MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, au na wanaotuuzia oili?