Kutu Hula kwa Nyuma

Mazungumzo yetu leo ni juu ya kutu, nayo ni kutu ya bampa la lori.

Huenda ndugu mmoja akauliza, "Kutu Kajiado? Katika nchi kavu kama hii?" Ni kweli, hatuko Mombasa, ambako upepo wa bahari huleta chumvi mpaka dirishani. Lakini simameni siku moja pale yanapoegeshwa malori Kitengela. Kwa mbele bampa linang'aa, limepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na limeandikwa maneno mazuri. Sasa inama utazame nyuma yake. Utakuta udongo mweusi wa uwanda huu umeganda kama plasta ukutani.

Udongo huo twaujua sote, maana umetuvua viatu mara nyingi. Mvua ikinyesha hunata. Jua likiwaka hupasuka kwa juu, bali kwa ndani, pale ulipogusana na chuma, unyevu hukaa siku nyingi. Basi chuma hakihitaji mto wa maji ili kishike kutu. Chahitaji maji kidogo, hewa na muda. Lori lililonyeshewa likakauka siku ile ile lina nafuu kuliko lori lililobeba kofi moja tu la tope nyuma ya bampa tangu Aprili hata Juni.

Tena kuna chumvi. Malori yachukuayo ng'ombe kwenda machinjioni Athi River hudondokewa na mkojo wa wanyama njia nzima, na mkojo una chumvi. Yale yatokayo Ziwa Magadi huja na vumbi jeupe, na katika ziwa lile magadi na chumvi hukaa pamoja. Kutu ni kazi ya umeme mdogo sana upitao katika maji yaliyolowesha chuma, na maji ya chumvi huupitisha umeme huo upesi kuliko maji ya mvua. Ndiyo sababu bampa la nyuma la lori la ng'ombe huoza mapema kuliko mlango wake.

Katika Mathayo 6:19, neno ambalo Biblia zetu huliita kutu ni brosis kwa Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kula. Sisi nasi twasema chuma kimeliwa, wala hakuna aliyetufundisha. Naye nabii Ezekieli, katika sura ya 24, anasema habari za sufuria ambalo kutu yake imo ndani, nayo haitoki. Twadhani kila fundi wa jua kali anamwelewa Ezekieli mara moja.

Maana hapa ndipo tunapopotea. Lori la biashara hukaguliwa kila mwaka, na siku ya kuamkia ukaguzi rangi ya fedha hununuliwa kwa wingi. Puti hujazwa katika tundu, rangi hupakwa juu yake, na gari linaonekana jipya. Lakini kutu haikufa. Chuma kinapogeuka kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko ile kiliyokuwa nayo, nayo kutu huinua rangi kutoka chini kama uyoga uinuavyo udongo. Miezi michache tu, malengelenge yanatokea.

Je, ni jambo la sura tu? Sivyo. Bampa la nyuma limewekwa ili gari dogo likigonga lori usiku lisiingie chini ya bodi, mahali ambapo kioo na vichwa vya watu hutangulia. Bampa lililoliwa na kutu na kujazwa puti litakunjika kama bati. Anayeuziwa lori la namna hiyo ameibiwa, na anayelifuata barabarani hajui kwamba mbele yake hapana kinga.

Basi fundi mwaminifu hufanyaje? Kwanza huosha, kisha hugonga chuma kwa nyundo ndogo toka mwisho huu hadi ule. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito, au nyundo inapenya. Kutu ya juujuu huondolewa kwa brashi ya waya, grenda na msasa mpaka chuma cheupe kionekane. Mahali palipotoboka hakuna dawa ila kukata mpaka kwenye chuma kizima, na kuchomelea kipande cha unene ule ule. Waya ya betri itolewe kwanza, isije welding ikaharibu altaneta. Na chuma chenye zinki kisichomwe kabla ya kukwangua ile zinki, kwa maana moshi wake huleta homa.

Vishimo vidogo ambavyo msasa haufiki vyaweza kupakwa dawa ya kugeuza kutu. Nyingine zina asidi ya fosfori, nyingine zina tanini, kitu kile kile kilichomo katika magome ya miwati yatumikayo kulainisha ngozi. Kutu ikikutana na tanini hugeuka nyeusi na kutulia.

Kisha rangi ya kwanza, ile redi oksaidi, ipakwe siku hiyo hiyo kabla umande haujashuka. Halafu rangi ya juu, mara mbili nyembamba, si mara moja nzito. Na nyuma ipakwe vema kuliko mbele, ingawa hakuna mteja atakayeisifu. Kama bampa ni la mfuko uliofungwa, toboa tundu moja upande wa chini kabisa, maji yapate njia.

Wengi hupenda kupaka oili chafu. Hatuwezi kusema haizuii maji, huzuia. Lakini huvuta vumbi, hudondoka ardhini panapolisha mifugo, na siku ukitaka kupaka rangi, rangi haishiki.

Ninyi wenye malori, utingo wenu apewe ndoo ya maji na kijiti kila lori likitoka matopeni, aanze kuosha kwa nyuma ya bampa. Na likinasa tope, mnyororo ufungwe kwenye ndoana ya chesisi, kamwe si kwenye bampa, hata kama rangi yake ni mpya.